Phelista Kati ya Darubini na Mashine

Wasichana wa shule moja ya bweni nje kidogo ya Kitale hawakuhitaji kengele kujua kwamba chakula kiko tayari. Walimsikia Phelista Nangila. Alikuwa na sauti iliyozoea kupanda juu ya kelele za masufuria makubwa, na wakati wa kusonga ugali aliushika mwiko mrefu kama mpini wa jembe huku akiimba. Na kama haimbi, basi anamfokea mtu aliyeleta kuni mbichi. Moshi wa jiko lile ulikuwa mzito, mgeni akiingia hutoka machozi yakimtiririka. Phelista aliishi ndani yake miaka mingi akauona ni hewa kama hewa nyingine.

Mapishi hakuyasomea. Aliyapata kwao Misikhu, kwenye matanga, mahali ambapo msichana anayeweza kuwapikia waombolezaji wa vijiji viwili bila kuunguza wali hujulikana upesi. Ndipo Sifuna alipomwona. Kijana huyo alikuwa ametumwa maji akaleta yenye tope, naye Phelista akamwambia mbele ya wazee kwamba hata marehemu asingeyanywa. Mwaka uliofuata wakaoana. Mume akabaki Misikhu na shamba na ng'ombe, mke akapata kazi Kitale, na ndoa yao ikawa ya simu na ya likizo za shule, lakini ilikuwa ndoa nzuri. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Ian, ambaye alipokua alienda kuuza mabati na misumari katika duka moja mjini Bungoma.

Kisha Phelista akashikwa na kifua kikuu. Alikonda, usiku akatoa jasho mpaka shuka zikalowa, sauti ikamkauka. Hospitalini Kitale wakamwanzishia vidonge. Alipoona mkojo umegeuka rangi ya chungwa alipiga yowe akidhani ni damu, mpaka muuguzi akamweleza kwamba ni dawa tu inapita. Akavimeza vyote mpaka mwisho, hakuruka hata siku moja, maana Sifuna alimpigia simu kila asubuhi na swali lilikuwa lile lile: "Umemeza?" Matibabu yalipoisha, makohozi yakatazamwa kwa darubini, yakawa safi. Wakamwambia amepona. Akarudi jikoni.

Laiti mambo yangekomea hapo.

Mwaka haujageuka, kikohozi kikarudi. Hakikuwa kama cha kwanza. Hiki kilikuja asubuhi, kikamtikisa, kikamwachia. Hakukonda, wala hakutoa jasho. Lakini matroni wa shule, Bi. Jepkosgei, alimsikia akikohoa karibu na sufuria ya maharagwe akamwita kando.

"Mama Ian, mimi najua wewe ni mtu wa kazi," matroni akasema. "Lakini hawa ni watoto wa watu. Enda wakupime. Ukirudi safi, jiko ni yako."

Phelista akaenda bila wasiwasi, kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo aliouacha dukani. Akatema kwenye kikopo, akasubiri aitwe. Aliyemwita ndani alikuwa tabibu kijana aitwaye Ndung'u, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Ndung'u akatazama kompyuta, akamtazama Phelista, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, darubini haijaona kitu," akasema.

"Bwana asifiwe," Phelista akasema, na akasimama.

"Ngoja kwanza. Kaa. Mashine ya jeni imeona."

Phelista akaketi polepole. "Mashine ya jini?"

"Jeni, Mama. Je-ni. Hiyo mashine inatafuta DNA ya bakteria ya TB. Imepata. Kidogo sana, ni kama dalili tu."

"Kwa hivyo ninaugua."

"Sijasema hivyo."

"Kwa hivyo nimepona."

"Pia hiyo sijasema."

Phelista alimkazia macho. Kazi yake yote ilikuwa ya majibu mawili: maharagwe yameiva au hayajaiva, unga unatosha au hautoshi. "Sasa daktari," akauliza, "nikitoka hapa niulizwe, nisemeje?"

Ndung'u alijikuna shingo. Akaeleza kwamba mtu aliyewahi kutibiwa anaweza kuonyesha dalili hiyo hata kama hana ugonjwa. Au huenda ugonjwa umerudi, na ukirudi unaweza kuwa ule sugu unaotaka dawa nyingine, kali zaidi. Hawezi kumpa dawa kwa kubahatisha, wala hawezi kumwacha aende zake. Watayaotesha makohozi yake maabara, kama vile mbegu inavyooteshwa kitaluni. Kama kuna bakteria hai, wataota. Ila hawa ni wazito kuota. Ni jambo la majuma mengi. Wakati huo asiingie jikoni, alale peke yake madirisha yakiwa wazi, na akiwa na watu avae barakoa.

"Kama sijui kama ninaugua, barakoa ni ya nini?" Phelista akauliza.

"Ni kwa sababu pia hujui kama huugui, Mama."

Alitoka nje na maneno hayo akayageuzageuza njia nzima hadi Misikhu, asipate upande wa kuyashikia.

Sifuna alimpokea mkoba langoni, akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na ulimi wa nyumbani, na alipotaharuki ule ulimi ulijitokeza wenyewe. "Rakini Phelista," akasema, "kama darubini ndiyo jicho, na jicho halijaona..."

"Mashine imeona."

"Imeona nini?"

"Jeni."

Sifuna akageuka taratibu akatazama pembe za nyumba.

"Si jini, baba Ian. Jeni. Ni mambo ya DNA."

"DNA?" Sifuna akazidi kupotea. "Si hiyo ni ya kutafuta baba ya mtoto?"

Mkewe akauchukua mkoba akaingia ndani. Jioni hiyo akahamia chumba alichokuwa akilala Ian zamani. Kikombe chake akakitenga mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Sifuna akaweka kiti nje ya dirisha, na hapo ndipo walipokula kila siku, mmoja ndani, mmoja nje, wakizungumza kupitia nondo.

Habari haikosi miguu. Wamalwa, mdogo wake Sifuna, alikuja akasimama mbali penye mti wa parachichi na kutangaza kwamba hiyo ni TB sugu, kwamba kuna mtu wa Webuye ilimmaliza hivi hivi, darubini ikiapa kwamba si mgonjwa. Mchungaji naye alikuja, akamwambia asikiri ugonjwa kwa kinywa chake, kwa kuwa alikwisha kuponywa. Jirani mmoja akasema mashine za siku hizi zina makosa. Mwingine akasema mashine haziwezi kukosea, ni watu. Phelista alimsikiliza kila mmoja, na kila mmoja alipokuwa akizungumza alimwona ana haki. Akiondoka, anaingia mwingine mwenye haki tofauti. Asubuhi akiamka bila kukohoa alijiona mzima. Akikohoa mara moja, alijiona maiti.

Katika siku hizo Ian akapiga simu. Mkewe, Jepkorir, alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

Jepkorir alikuwa binti wa wakulima wa miteremko ya Mlima Elgon. Alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, baadhi ya watu wa ukoo walinong'ona, maana kati ya watu wa mlimani na wa bondeni kulikuwa na ugomvi wa zamani wa mashamba ambao haujasahaulika. Phelista hakunong'ona. Lakini siku hiyo ugonjwa wake ulikuwa ndio unaanza, alijisikia vibaya, akaongea machache na kwenda kulala mapema. Ian aliliona hilo akaliweka moyoni.

"Mum, kuja umuone," Ian akasema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imejaa. "Jepkorir anakuuliza kila siku. Anasema mtoto amechukua uso yako."

Phelista akacheka kwa furaha. Kisha akakumbuka. "Nitakuja," akasema. "Si sasa. Nina kazi kidogo."

"Kazi gani na Dad ameniambia uko nyumbani?"

Phelista angeweza kumwambia ni mgonjwa, lakini hakujua kama ni kweli, na Ian alikuwa amehangaika naye vya kutosha mara ya kwanza. Angeweza kusema ni mzima, halafu kesho achukuliwe akambebe mtoto mchanga. Lau kungekuwa na neno moja la hali aliyokuwa nayo, angelitamka. Hakulijua katika Kiswahili wala katika Kibukusu.

"Nitakuja tu, mwanangu," akarudia.

"Sawa." Sauti ya Ian ilikuwa imepoa. "Kama ni kwa sababu ya mahali ametoka, ungesema tu, Mum." Akakata simu. Phelista alijaribu kumpigia, ikalia mpaka ikanyamaza.

Sifuna alitaka kumweleza mwana mambo yote. Phelista alimkataza. "Utamwambia nini?" akamuuliza dirishani. "Hebu niambie kwanza mimi."

Siku chache baadaye Ndung'u alimpigia. Katika hospitali moja mjini Bungoma kulikuwa na watafiti waliowataka watu wa hali kama yake, wale ambao darubini inasema hili na mashine inasema lile. Walikuwa na kipimo kipya wanachokijaribu. Halazimishwi mtu, ila akitaka.

Akaenda. Mtafiti aliyempokea alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Jerono, msemaji wa polepole, aliyekuwa na tabia ya kunyamaza kila baada ya sentensi ili kuona kama imeingia. Walikaa kwenye benchi nje, penye upepo.

"Mama, mnafuga ng'ombe?" Jerono akauliza.

"Tunao."

"Ng'ombe akikufa mkamzika, halafu mwaka kesho mchimbe hapo, mtapata nini?"

"Mifupa."

"Mtu akiona hiyo mifupa atasema hapa kuna ng'ombe?"

"Atasema palikuwa na ng'ombe."

"Sasa," Jerono akasema, "ile mashine ya Kitale haijui kusema 'palikuwa'. Inajua kusema 'kuna' peke yake. DNA ni kama huo mfupa. Bakteria anakufa, DNA yake inabaki ndani ya mapafu miezi, hata miaka. Sisi tunatafuta kitu kingine, inaitwa RNA."

Phelista akatikisa kichwa kuonyesha anafuata, ingawa bado alikuwa kwenye mifupa.

"RNA ni za aina nyingi. Kuna ile inabeba maagizo, inasema tengeneza protini hii, tengeneza ile. Lakini hii yetu haibebi maagizo yoyote."

"Sasa ina kazi gani, kama haina maagizo?"

Jerono alitabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali alilolipenda. "Ukienda posho mili, kuna mahindi, na kuna wewe unayesema nisagie unga laini. Halafu kuna mashine yenyewe. Hiyo RNA haisemi kitu, yenyewe ni sehemu ya mashine ya kusaga. Bakteria aliye hai amejaa hizo mashine, maelfu na maelfu, kwa sababu hawezi kuishi bila kusaga. Akikufa zinavunjikavunjika haraka, hazikai kama mfupa. Tukizipata nyingi kwa makohozi, tunajua kuna mtu anasaga huko ndani. Tukikosa, kumenyamaza."

Phelista aliweka kiganja juu ya kifua chake. Ile ya posho mili ilimpita nusu. Ile ya mifupa ilikaa mahali isipotakiwa. "Kwa hivyo huenda mimi nimebeba makaburi," akasema.

Jerono hakucheka. "Huenda. Ndiyo tunataka kujua."

"Na mkijua, nitarudi jikoni?"

"Hapana. Mama, sitaki kukudanganya. Hii bado ni ya utafiti. Hatuwezi kuitumia peke yake kuamua. Daktari wako lazima angoje ile ya kuotesha."

"Basi ni kipimo cha tatu kinachokuja kuniambia nisikiamini."

Jerono alifikiri. "Kwa sasa, ndiyo," akasema.

Hata hivyo Phelista akakubali. Baadaye Sifuna alimuuliza sababu, naye akasema kwamba swali lile lilikuwa limemchosha akiwa nalo peke yake. Angalau sasa kuna watu wengine wanaoliuliza. Akapewa kikopo, akaenda nyuma ya jengo kwenye jua, akavuta pumzi kama alivyoelekezwa, akakohoa kutoka chini kabisa.

Haukupita muda, simu ikaita Misikhu. Alikuwa msaidizi wa maabara, kijana mchangamfu. Alisema RNA haikuonekana, hakuna kabisa. Phelista alirusha leso yake juu. Sifuna, bila kuambiwa, akamkamata jogoo. Nyama ilikuwa imeanza kutokota simu ilipoita tena, na safari hii ilikuwa sauti ya polepole ya Jerono.

"Mama, pole sana. Umeambiwa mapema, kabla sijakagua. Hiyo usiihesabu."

"Nisihesabu nini? Si imesema hakuna?"

"Kila tukipima, tunatia kitu chetu ndani ambacho lazima kionekane. Hicho kikionekana, tunajua kazi ilienda sawa. Yako, hata hicho hakikuonekana. Stima ilipotea, friji ikashika joto, na RNA haivumilii joto. Ni kama mizani imevunjika, Mama. Ukiweka gunia inasema sifuri, usipoweka pia inasema sifuri."

Phelista akashusha simu. Mumewe alikuwa amesimama na kijiko cha kuonjea mchuzi.

"Nini tena?" Sifuna akauliza.

"Ati kulikuwa hakuna, lakini hiyo hakuna haikuwa hakuna ya ukweli."

Sifuna akaigeuza sentensi hiyo kichwani, mara moja, mara ya pili. "Sasa hii kuku?"

"Tule tu," Phelista akasema. "Imeshakufa." Wakala, yeye ndani, mume nje, na hakuna aliyesifu mchuzi.

Alirudi Bungoma kutoa makohozi mengine. Alipomaliza aliamua kupitia uani, karibu na kliniki ya watoto, kwa kuwa huko hakukuwa na msongamano. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja chanjo. Mmoja wao akainuka ghafla.

"Mama!"

Alikuwa Jepkorir, na mtoto alikuwa kifuani pake, amefungwa blanketi la manjano. Uso wa msichana yule ulifunguka wote kwa furaha, akaanza kumjia, akimwinua mtoto mbele yake kama mtu anayeleta zawadi.

Phelista akarudi nyuma. Hakupanga; miguu ilifanya. Akavuta leso akaibana mdomoni juu ya barakoa, na alipoona Jepkorir bado anakuja, akanyoosha mkono kumzuia. "Usikuje!" akasema. "Baki huko!"

Jepkorir akasimama. Alimtazama mama mkwe aliyeziba pua na kunyoosha mkono kama anayefukuza kitu kichafu, na macho yake yakajaa maji. "Kumbe ni ukweli," akasema kwa sauti ndogo. "Ian aliniambia hamnitaki, mimi nikakataa kuamini. Hata mtoto? Mtoto amewakosea nini?" Akageuka kuondoka.

Ndipo sauti ya Phelista, ile ya jikoni, iliyokuwa imepotea miezi mingi, ikarudi yote kwa mara moja.

"Jepkorir! Nina TB!"

Wanawake wa benchi la karibu wakainuka na watoto wao wakahamia benchi la mbali.

"Au sina!" Phelista akapaza tena, machozi yakimtoka. "Sijui! Darubini inakataa, mashine inakubali, hawa wengine wanatafuta mashine za kusaga ndani ya kifua yangu na stima ikapotea! Nilimaliza dawa zote. Sijui kama ni mifupa ama ni ng'ombe mzima. Sasa ningekushikia mtoto namna gani?"

Jepkorir alibaki amesimama. Hakuelewa habari za ng'ombe hata kidogo. Lakini mengine aliyaelewa yote. Kitu kama kicheko kikamtoka, kikageuka kilio katikati, kikageuka tena kicheko. Akakitafuta kivuli cha ukuta, mbali kiasi cha upana wa barabara, akalifunua blanketi na kumgeuza mtoto uso utazame upande ule.

"Basi muone kutoka hapo, Mama," akasema. "Hakuna haraka. Tutasimama."

Wakasimama. Mtoto alikuwa amelala na hakujua anatazamwa. Phelista alimtazama mpaka muuguzi alipotoka kuita jina la Jepkorir.

Mchana huo Ian akapiga. Hakusalimia. "Mum, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

"Hivyo hivyo. Kwamba hujui."

Phelista hakuwa amewahi kufikiri kwamba kutojua ni habari ambayo mtu anaweza kumpelekea mwingine. Tangu hapo mwana akawa anapiga kila jioni, na baba yake akapata nafuu, maana sasa walikuwa watatu wa kuchanganyikiwa.

Jerono alipopiga safari iliyofuata, Phelista hakumruhusu amalize. "Na kile kitu chenu mnachotia, kimeonekana?"

"Kimeonekana vizuri, Mama. Chako hakijaonekana. Hakuna anayesaga."

Safari hii Phelista hakurusha leso, na Sifuna hakumtazama jogoo yeyote. Waliendelea kula kupitia dirisha mpaka siku Ndung'u alipomwita Kitale. Kule kuotesha kulikuwa kumefika mwisho wake na hakikuota chochote. Tabibu alimwonyesha pia picha ya kifua, mahali palipokuwa na weupe kama uzi.

"Hili ni kovu la ugonjwa wa zamani," Ndung'u akasema. "Na njia zako za hewa zimechoka na moshi. Kikohozi ni cha hivyo. Huna TB, Mama."

"Kwa hivyo mashine ilidanganya."

"Haikudanganya. DNA ilikuwepo."

"Kwa hivyo darubini ndiyo ya kuaminiwa."

Ndung'u akakunja uso. "Safari hii ilikuwa sawa. Wakati mwingine bakteria wanakuwepo wachache na darubini haiwaoni."

"Na nikipimwa tena leo na ile mashine?"

"Inaweza kusema tena kuna."

Phelista alimtazama kijana yule, akaona kwamba hata yeye amechoka, akaamua kumwonea huruma na kuacha maswali. Akamshukuru, akaondoka. Nje alisimama kando ya ukuta akitafuta ile furaha aliyoitarajia. Haikuja. Kilichokuja ni njaa, akanunua ndizi akazila palepale.

Ian na Jepkorir walimleta mtoto Misikhu. Phelista aliosha mikono, akaikausha, akaiosha tena, akavaa barakoa ingawa Ndung'u alimwambia haina haja. Jepkorir hakusema kitu. Alimvua barakoa ile kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mezani, kisha akampa mtoto. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana kutoka mbali. Mara akapiga chafya, na watu wazima wote wakashtuka, wakatazamana. Sifuna ndiye aliyeanza kucheka.

Bi. Jepkosgei alitimiza ahadi, jiko likawa lake. Ila Phelista alikuwa amekatazwa moshi, na shule haikuwa na jiko la aina nyingine. Wakamweka stoo na kwenye kugawa chakula. Alivumilia muhula mmoja, akimsikia mtu mwingine akisonga ugali vibaya upande wa pili wa ukuta, akaona heri aache. Akarudi Misikhu akafungua kibanda cha chai na chapati karibu na soko, chenye jiko la gesi, na mbele akaweka meza mbili kwenye hewa wazi. Kikohozi kinamjia siku za baridi. Usiku mmoja mmoja hujiuliza kama ile mifupa bado imelala.

Siku moja ya soko alikuja mteja mmoja, Kiptanui, mfanyabiashara wa vitunguu anayevuka navyo kutoka Uganda kupitia Suam. Aliagiza chai asiinywe. Alikuwa na barakoa aliyoishusha kidevuni, akaipandisha, akaishusha tena, hakujua aiweke wapi. Phelista alipouliza kama chai ina kasoro, akasema hapana, ni kwamba ametoka hospitali na hajui apeleke habari gani nyumbani, kwa kuwa ameambiwa mambo mawili kwa siku moja.

Chapati moja ilikuwa inaungua. Phelista akazima gesi, akavuta kiti akakiweka upande ule upepo unakotokea, akaketi.

"Anza pole pole," akasema. "Ni nani amesema kuna, na ni nani amesema hakuna?"